Ndoo ya Sabato

Wivu wa watu wengine sijui unanukaje. Wangu unanuka maji ya mvua yaliyolala ndani ya pipa la plastiki, na moyo wa ng'ombe uliosagwa, na mpira wa maji uliotundikwa msumarini kabla haujakauka. Nilikutana na harufu hiyo tena mwezi uliopita, nilipofungua mlango wa nyuma wa nyumbani kwetu Sironga. Kabla hata sijawasalimu watu, roho ikaniuma palepale ilipozoea kuniuma. Mtu mzima mimi, mama wa watoto, nikasimama mlangoni nimekunja uso kama mtoto aliyenyimwa nyama.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande wetu mnazikumbuka sebule za wakati ule. Makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa ukutani, televisheni iliyofunikwa utadhani inaogopa baridi. Sebule yetu ilikuwa na hayo yote, na juu yake ilikuwa na kitu ambacho jirani yeyote hakuwa nacho: tangi la kioo, refu kuliko mimi nikilala chini, lenye samaki wanaoitwa diskasi. Baba alikuwa na duka la dawa mjini Nyamira, na siku moja aliporudi kutoka Nairobi kununua dawa alirudi na samaki ndani ya mifuko ya plastiki, ameifunika kwa koti lake. Yeye mwenyewe alifika akitetemeka.

Siwezi kusema hawakuwa wazuri. Walikuwa mviringo na bapa kama sahani, rangi ya chungwa lililoiva, wamechorwa mistari ya samawati iliyopindapinda. Hawakuogelea kwa pupa. Walipita ndani ya maji polepole, kwa heshima zao, kama wazee wa kanisa wanaopitisha vikapu vya sadaka. Baba alikuwa mzee wa kanisa letu la Sabato, na nadhani ndiyo maana walielewana.

Mama hakuelewana nao. "Baba Moraa," alikuwa akiuliza, "samaki asiyeliwa ni wa nini?" Siku stima ilipopotea na maji yakaanza kupoa, baba alichukua lile blanketi zito la wageni, lile ambalo hata mimi nikiwa na homa sikuruhusiwa kulilalia, akalizungushia tangi. Mama alikwenda jikoni akapiga vyombo mpaka stima ikarudi. Nilimuunga mkono kwa moyo wote. Mimi ndiye Moraa, mtoto wao wa pekee, jambo ambalo kwetu watu huliongelea kwa sauti ya chini. Mtu akiwa wa pekee hujizoesha vibaya. Nilidhani macho yote ya baba ni haki yangu, kisha nikaona yamehamia kwenye kioo.

Hata hivyo samaki ningewavumilia. Sikuwa nimejua wivu ni nini mpaka alipokuja Kemunto.

Kemunto alikuwa binti ya shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi katika nyumba za watu. Mumewe, mchongaji wa mawe ya sabuni, yale mawe laini ya vinyago, huko Tabaka, alikuwa ameoa mke mwingine, na huyo mke hakutaka kulea mtoto asiye wake. Basi Kemunto akaletwa kwetu. Alinizidi umri kidogo na kimo kidogo, na alikuwa Mkatoliki, maana huko kwa baba yake wote walikuwa Wakatoliki. Alikuja na begi dogo la nguo na gunia zito ajabu. Ndani ya gunia kulikuwa na mawe. Baba yake alisikia tuna samaki wa kufugwa, akakusanya vipande vidogo vya mawe ya sabuni, vyeupe na vya waridi na vya kijivu, akavisugua kimoja kimoja mpaka vikawa laini kama mayai ya njiwa. Hakuwa na kingine cha kumtuma nacho mtoto.

Baba aliyamwaga mawe yote ndani ya tangi. Kwa mara ya kwanza mama alilipenda. Alisema sasa samaki wana zulia kama watu. Wageni walikuja kutazama, na kila mgeni aliambiwa, "Haya mawe ameyaleta Kemunto." Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, sijaleta chochote, maana mtu haleti zawadi kwao.

Haukupita muda, samaki wakaanza kuwa weusi. Walijibanza pembeni, mapezi yamekunjwa, hata ule moyo wa ng'ombe aliowasagia baba hawakuutaka. Maji yakawa na ukungu na harufu. Baba alivua shati, akatumbukiza mkono mpaka begani, akakoroga yale mawe, na chini yake kukapanda wingu la uchafu ambalo sikuamini lilitoka katika nyumba yetu safi. Chakula chote walichokiangusha kilikuwa kimeingia kati ya mawe na kuozea humo, pamoja na mavi yao.

"Hawa si kambare wa matopeni," baba alisema. "Hawa wanataka chini pawe peupe, uchafu ukianguka uonekane, utolewe."

Akayatoa mawe yote kwa karai, akayapeleka barazani. Kemunto alisimama akitazama mikono ya baba yangu ikichota kazi ya mikono ya baba yake. Hakulia. Baba alipomwona amesimama hivyo, alirudi akachagua mawe machache, kiasi cha kujaa kisosi, akayaosha vizuri na kuyaweka kwenye kona ya tangi. Chini kote kulibaki kioo kitupu. Mengine mama aliyatia kwenye vyungu vya maua, akinung'unika kwamba samaki wake sasa wanalala sakafuni kama mahabusu.

Kisha baba akachukua ule mpira wa maji, akasema, "Kemunto, njoo nikufundishe."

Nilingoja anifundishe na mimi. Mpaka leo nangoja.

Mnajua kwetu mvua haibembelezwi. Mchana ukipinduka tu, mawingu yanashuka na mabati yanaanza kupiga kelele. Baba alisema maji ya mvua ndiyo diskasi wanayoyapenda, hayana chumvichumvi za ardhini. Yalitoka kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, yakaingia kwenye pipa lililokuwa barazani, yakalala humo mpaka kesho yake. Jioni yalipashwa kidogo kwa birika ili yasiwashtue. Kemunto alipiga magoti mbele ya tangi, akaingiza ncha moja ya mpira ndani, nyingine akaitia mdomoni, akavuta pumzi, na maji yalipokaribia meno akaiachilia ndani ya ndoo. Halafu alipitisha ncha ya ndani juu ya kile kioo kitupu, taratibu, akifyonza kila kipande cha uchafu, huku baba ameketi juu ya kigoda kando yake akimwonyesha kwa kidole. "Hapo. Na hapo. Usimkaribie huyo, ana hasira." Ndoo ikijaa, Kemunto aliimwaga kwenye migomba nyuma ya jikoni. Migomba hiyo ilinenepa mpaka watu wakauliza tunaweka mbolea gani.

Mimi nilikatazwa kugusa. Siku za mwanzo niligonga kioo kwa kijiko ili samaki wanione, wakatimuka, mmoja akajipiga kwenye ukuta akachubuka mdomo. "Wewe Moraa," baba alisema, "mikono yako ina kelele. Kaa hapo kwa kiti uangalie." Basi kila jioni nilikaa kwenye kochi, nimevaa soksi zangu za pamba, miguu imekunjwa, nikiangalia. Nilimwonea wivu kwa kile kigoda kilichowekwa karibu naye. Nilimwonea wivu kwa magoti yake yaliyolowa. Nilitamani hata yale maji machafu yanayomfikia mdomoni, nikijiuliza yana ladha gani. Siku moja niliukuta mpira umetundikwa peke yake, nikautia mdomoni nikauvuta. Ulitoa hewa tu, na ladha ya plastiki.

Kilichonimaliza ni muuza maziwa. Alipita akawakuta baba na Kemunto wanasafisha gata, akasimama na baiskeli yake. "Habari ya kazi, Baba Kemunto?" Baba akajibu, "Nzuri sana," akaendelea kutoa majani. Hakumrekebisha! Tangu nizaliwe baba yangu aliitwa Baba Moraa, kanisani, sokoni, dukani kwake. Jina hilo lilikuwa langu kabla halijawa lake. Jioni hiyo nilikataa kula.

"Una nini?" mama akauliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujala?"

Niligeuza uso, maana Kemunto alikuwa akinitazama, na tayari alishaukata ugali wake vipande viwili ili anigawie. Wema wake ndio ulikuwa ukinichoma zaidi. Angekuwa mbaya ningepumzika.

Kisha samaki wakazaa. Jike lilitaga mayai kwenye kioo, mistari midogo iliyopangwa vizuri, na dume likakaa hapo likipepea kwa mapezi. Baada ya siku kadhaa nilirudi kutoka shuleni nikaona ubavuni mwa lile dume kumetapakaa vidoa vyenye uhai. Nikadhani ni chawa. Nilipokaribia nikaona vina macho, na vinamtafuna. Nilikimbia mpaka barazani nikipiga mayowe, "Baba! Baba! Watoto wanamla baba yao!"

Baba alicheka mpaka akashika nguzo. Alinirudisha ndani, na kwa mara moja hiyo aliniweka karibu naye. Akanieleza kwamba samaki hawa mwili wao hutoa utando kama uji mwepesi, na watoto wanapotoka kwenye mayai hawali kingine, wanaula huo utando juu ya ngozi ya wazazi wao. Mama na baba wote wawili. Nilitazama. Dume lilipochoka lilijitikisa mara moja, kundi zima likamwachia na kuhamia kwa jike lililokuwa likisubiri kando. Baadaye jike nalo likajitikisa. Hakuna mtoto aliyekatazwa, hakuna aliyeambiwa mapezi yake yana kelele. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea kijicho kiumbe kidogo kuliko punje ya wimbi, lakini nilimwonea, tena nilimwonea sana.

"Hawa sasa," baba alisema, "maji yabadilishwe kila siku. Siku moja tu ikirukwa, tumewapoteza."

Akasema hivyo na palepale uso wake ukabadilika. Mimi sikuelewa kwa nini. Leo naelewa kwamba alikuwa amehesabu siku za juma na kufika Jumamosi.

Kwetu Sabato haikuwa mchezo. Ijumaa nzima ilikuwa ya maandalizi: chakula kimepikwa, viatu vimepigwa rangi, kuni zimepasuliwa, maji yamechotwa. Jua likizama nyuma ya vilima, hata ufagio ulipumzika. Baba alifunga duka la dawa, na mtu aliyeumwa sana alimpa dawa bila kupokea chochote, maana kupokea ingekuwa biashara. Ndoo na mpira ni kazi, hilo halikuwa na mjadala. Mzee wa kanisa hangeweza kupiga magoti mbele ya samaki siku ya ibada.

Ijumaa hiyo, kabla ya jua kuzama, nilimwona baba amemwita Kemunto kando ya tangi, anazungumza naye kwa sauti ya chini, mkono begani. Nilisikia maneno ya mwisho tu. "Kesho sisi tukiwa kanisani, wewe utawaangalia hawa watoto." Kemunto akaitikia kwa kichwa. Yeye ibada yake ilikuwa Jumapili, alikuwa akienda misa na jirani yetu mmoja. Kwa hiyo Jumamosi alibaki nyumbani.

Mngeniuliza wakati ule kwa nini baba amemchagua Kemunto, ningewaambia kwa uhakika wote: kwa sababu anampenda kuliko mimi. Akilini mwangu hapakuwa na sababu nyingine. Sabato ile na zilizofuata nilikaa kanisani nimevaa gauni langu la kupendeza, nikaimba nyimbo bila kuzisikia. Nilikuwa namwona Kemunto yuko peke yake na wale watoto, peke yake na kigoda cha baba. Niliomba. Nilifumba macho kabisa na kumwomba Mungu amwondoe kwenye ile ndoo. Sikumwambia amwondoe vipi, nilimwachia mwenyewe.

Wakati huohuo nilikuwa nimepewa amri ya nne niikariri mbele ya kanisa, ile ya kuitakasa Sabato. Ni ndefu, na ulimi wangu ulikuwa ukijikwaa katikati. Mama alimpa Kemunto kazi ya kunisikiliza. Wiki nzima nilisimama mbele yake jikoni, yeye ameshika kitabu, mimi nikiorodhesha wote wanaopaswa kupumzika siku hiyo: mwenye nyumba, mwanawe na bintiye, mtumishi wa kiume na wa kike, mifugo yake, na mgeni aliye kwake. "Umeruka mgeni," Kemunto alikuwa akiniambia. "Rudia." Nikarudia. "Umemruka tena." Nilidhani ananikomoa.

Siku ya kukariri sikukosea hata neno moja. Watu waliitikia amina, na njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikitembea mbele ya baba ili anione. Tulipoingia sebuleni, mpira ulikuwa msumarini, mkavu. Ndoo ilikuwa tupu. Maji ya tangi yalikuwa yamepauka, na wale watoto wameshikana ubavuni mwa mama yao kama wanaogopa kitu. Kemunto alikuwa ameketi juu ya kigoda, mikono mapajani.

"Kemunto," baba alisema, "leo hujabadilisha maji?"

"Sijabadilisha, mjomba."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Akainuka kwa heshima, akatazama sakafu kama tulivyofundishwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila haikutetemeka. "Mjomba, ile amri Moraa alikuwa anasoma. Inasema mtoto wa nyumba asifanye kazi. Mtumishi asifanye. Mgeni asifanye. Hata ng'ombe apumzike." Akameza mate. "Sasa mimi nimetafuta mahali niko, sijaona. Mimi ni nani hapa?"

"Kemunto!" Mama alikuwa na sufuria mkononi. "Hivyo ndivyo unaongea na mjomba wako?"

Baba aliinua mkono kumzuia. Na mimi, sitawaficha, nilishangilia. Moyo ulinirukaruka kwa furaha. Nilijua amejimaliza. Nililiona begi lake dogo limefungwa, nikaiona barabara ya Tabaka, nikakiona kigoda kimebaki wazi na baba anageuka kunitafuta. Mungu alikuwa amenisikia.

Baba alivua koti la kanisani, akalitundika kwenye kiti. Akafungua tai. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa usawa mmoja na ya Kemunto, suruali yake ya kitambaa kizuri ikikunjika vibaya magotini.

"Omwana one," alimwambia. Mtoto wangu. Kikisii chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu anayepima dawa. "Mimi ndiye nimekosa. Nilikuwekea mzigo ambao nilikuwa naogopa kubeba. Wewe ni mtoto wa hii nyumba, kama Moraa. Na mtoto wa hii nyumba hafanyi kazi Sabato. Enda ukae."

Kisha akainuka na kukunja mikono ya shati. "Ng'ombe wa mtu akitumbukia shimoni siku ya Sabato, mwenye ng'ombe anashuka mwenyewe. Hawa samaki ni wangu."

Mama alikimbilia pazia, maana watu walikuwa bado wanapita wakitoka kanisani. "Baba Moraa, watu watasema nini?"

"Wacha pazia wazi," akasema.

Alipiga magoti, akautia mpira mdomoni, akavuta kwa pupa, na maji yote ya uchafu yakamjaa kinywani. Alikohoa, akatema kwenye ndoo, machozi yakamtoka. Kemunto aliziba mdomo kwa mkono akacheka, mama naye akashindwa kujizuia, akacheka akiwa ameshika sufuria. Mimi sikucheka. Kemunto alikuja kukaa kwenye kochi kando yangu, miguu yake mitupu, yenye nyufa za baridi, ikaning'inia karibu na soksi zangu. Nilisogea. Naye akasogea, akidhani nampa nafasi.

Kama Moraa, alisema. Neno hilo nililigeuzageuza usiku na mchana. Yeye alikuwa mtoto, na mimi nilikuwa kipimo, gorogoro la kupimia mahindi ya mwenzangu. Nilichoomba nilipewa: Kemunto aliondolewa kwenye ndoo ya Sabato, na hakurudi tena. Lakini alipoondoka hapo hakwenda Tabaka, alikuja kukaa kwenye kochi langu. Jioni hiyohiyo, jua lilipozama na Sabato ikaisha, nilimsikia akiita kutoka jikoni, "Baba, chai iko tayari." Hakujikwaa hata kidogo. Na baba akaitika upesi kuliko alivyokuwa akiniitika mimi.

Habari zilifika kanisani, baba mwenyewe ndiye aliyezipeleka. Kwa muda aliketi viti vya nyuma, akivumilia macho ya watu, kisha mambo yakasahaulika. Wale watoto wa samaki wengi walikua. Kila Sabato, akirudi kutoka ibadani, aliwashukia shimoni.

Hao niliowakuta mwezi uliopita ni wajukuu wa wajukuu zao. Baba sasa amezeeka, mgongo unamsumbua, na mama alikuwa amekwenda Birongo kuwatazama ndugu zake. Kemunto ana duka la sare za shule mjini Kisii, na juma halipiti bila yeye kufika Sironga. Anajua baba anameza dawa gani na anazificha wapi asipotaka kuzimeza. Mimi ninaishi Nakuru. Nikifika naulizwa kama nataka chai, kama mgeni.

Kemunto ndiye aliyenikuta mlangoni nimekunja uso.

"Nini tena?" akauliza. Alikuwa anachota maji kwenye pipa, leso kiunoni.

"Harufu."

"Harufu gani? Si ni maji tu."

Labda nilikuwa nimechoka na safari. Nilimwambia. Nilimwambia kuhusu kigoda, muuza maziwa, mpira nilioutia mdomoni. Kemunto aliweka ndoo chini, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso.

"Wivu wa ndoo? Ai, Moraa! Mimi nilikuwa nakuchukia wewe. Unakaa hapo kwa kiti na soksi zako nyeupe, unaangalia watu wakifanya kazi. Hakuna siku uliulizwa kama umebadilisha maji. Hakuna siku ilibidi uulize wewe ni nani."

"Na wewe ulijibiwa," nikasema. "Mbele ya mama, pazia wazi. Omwana one. Mimi sijawahi kuambiwa."

Kicheko kilimwishia Kemunto. Kisha akanisukuma bega kidogo, kama tulipokuwa watoto. "Si umwulize, basi. Ako hapo ndani."

Baba alikuwa juu ya kigoda, ameinama mbele ya tangi, mpira mkononi. Chini kote ni kioo kitupu, kinang'aa, na kwenye kona yale mawe ya Tabaka, kiasi cha kujaa kisosi. Alikuwa akifyonza uchafu taratibu, mkono mwingine ukishikilia kiuno. Nilisimama nyuma yake. Niliona haya sana, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Baba," nikasema, "mimi ni nani hapa?"

"Nani?"

"Mimi. Mimi ni nani kwa hii nyumba?"

Aligeuka, miwani imemshuka puani. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wateja waliomwomba dawa bila kusema wanaumwa wapi.

"Una homa?"

"Sina."

"Si wewe ni Moraa?" akasema, na kwake mambo yalikuwa yameisha. Akageukia tena tangi, akaguna, akanisogezea ncha ya mpira bila kuniangalia. "Shika hapa, mgongo unaniuma. Na upeleke polepole, hiyo mikono yako ina kelele."

Kemunto alipita, akaweka ndoo, kisha akaenda kukaa kwenye kochi na kukunja miguu. Mimi nilivua viatu, nikapiga magoti kando ya baba, kwenye sakafu iliyokwisha kumwagikiwa maji, nikashika. Soksi zangu zikalowa zote mbili.